Vyaelea Vimeundwa: Habari ya Nguo ya Ndege na Dawa Yake

Wazee wa pwani husema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Mtu asimamaye ufukoni akitazama jahazi likipita huona tanga, na mlingoti, na mbao za ubavuni. Haoni pamba iliyokalafatiwa katikati ya mbao, wala deheni iliyopakwa chini, wala mafuta ya sifa yaliyonywewa na mti. Walakini vitu hivyo visivyoonekana ndivyo vizuiavyo maji yasiingie. Nasi twasoma katika Kitabu cha Mwanzo ya kuwa Nuhu hakuagizwa kuunda safina tu, bali na kuipaka lami pande zote mbili. Chombo kisichopakwa hakijamalizika.

Leo twapenda kuwapa wasomaji wetu habari ya chombo kielealo hewani, yaani ndege, ambayo wazazi wetu waliiita eropleni. Hatutasema habari ya injini wala ya marubani mashujaa. Tutasema habari ya nguo iliyowambwa juu ya mabawa, na dawa iliyopakwa juu ya nguo ile, na maji ya kuyeyushia dawa hiyo. Ni jambo dogo machoni pa watu. Hata hivyo watu walikufa kwa ajili yake, na wengi wa hao waliokufa hawakupanda ndege hata siku moja.

Yamkini msomaji atauliza, "Je, ndege si ya madini?" Kweli, ndege kubwa zipitazo juu ya vijiji vyetu zimefunikwa kwa alumini na vitu vingine vigumu. Lakini kwa muda wa miaka thelathini hivi tangu mwanzo, ndege nyingi zilikuwa mifupa ya mbao na kamba za chuma, na juu yake nguo. Hata sasa wako watu wengi, hasa Marekani na Ulaya, waundao ndege ndogo kwa mikono yao katika mabanda ya nyumbani, na wengi wao huziwamba kwa nguo. Neno hili la kuwamba ndilo lifaalo, kwa maana kazi yenyewe yafanana na kuwamba ngoma. Ngozi ikilegea ngoma hailii, na nguo ikilegea bawa halibebi.

Ndege ya kwanza iliyoruka kwa injini ikiongozwa na mtu iliundwa na ndugu wawili wa Dayton, katika jimbo la Ohio, Marekani. Nao ni Wilbur na Orville Wright, wana wa Milton Wright, aliyekuwa askofu wa kanisa lao. Hawakuwa na kiwanda kikubwa. Kazi yao ilikuwa kuuza na kutengeneza baiskeli. Walinunua nguo nyembamba ya pamba, ya namna iliyouzwa madukani kwa mavazi, wakaikata na kuishona kwa cherehani. Waliikata mshazari, ili nyuzi zipite pembe kwa pembe juu ya mbavu za bawa na kulitia nguvu. Tarehe 17 Desemba 1903, huko Kitty Hawk, chombo chao kiliruka kwa nukta 12, kikaenda futi 120. Siku ile ile kiliruka mara tatu tena, na mara ya mwisho kilikaa hewani nukta 59. Basi nguo ile haikupakwa dawa yo yote. Ilikuwa nguo tupu.

Kwa safari ya nukta 59 nguo tupu yaweza kufaa. Kwa safari ya saa nzima haifai, na sababu zake ni tatu. Kwanza, katikati ya uzi na uzi pana matundu madogo, na hewa ya chini ya bawa hupenya kwenda juu, hivyo nguvu ya kubeba hupungua. Pili, nguo hubadilika kwa hali ya hewa: asubuhi penye umande huwa hivi, na adhuhuri penye jua huwa vingine, na bawa ambalo umbo lake habadiliki kwa amri ya fundi bali kwa amri ya mawingu ni hatari kwa aliyepanda. Tatu, jua na mvua huozesha nyuzi.

Waundaji wa siku zile walijaribu mambo mengi. Wengine walipaka wanga, wengine walitumia nguo yenye mpira. Huko Uingereza, Bwana A. V. Roe, ambaye baadaye alikuwa mwenye kiwanda mashuhuri, alikuwa maskini wakati alipoanza. Mwaka 1909 aliruka na ndege aliyoifunika kwa karatasi iliyotiwa mafuta. Twaona hapa ya kuwa hakuna aliyezaliwa na ujuzi. Kila mmoja alianza na kile kilichokuwa karibu na mkono wake.

Dawa iliyofaa ilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1846 mwalimu mmoja wa Basel katika nchi ya Uswisi, jina lake Christian Friedrich Schönbein, alitangaza ya kuwa pamba ikichovywa katika asidi kali, kisha ikaoshwa na kukaushwa, hugeuka kuwa kitu kiwakacho kwa nguvu kama baruti. Kwa macho ni pamba ile ile, lakini tabia yake imegeuka kabisa. Baadaye kidogo watu waliona ya kuwa namna ya pamba hiyo isiyo kali sana huyeyuka katika etha iliyochanganywa na spiriti, ikawa maji mazito kama asali. Maji hayo yakipakwa juu ya jeraha, spiriti na etha huruka hewani, na ngozi nyembamba safi hubaki juu ya kidonda. Madaktari waliipenda dawa hiyo. Nao waliona jambo jingine, ya kuwa ngozi ile ikikauka hujikunja na kuvuta pamoja midomo ya jeraha.

Kuvuta huku ndiko waundaji wa ndege walikokuwa wakikutafuta. Nguo ikiwambwa juu ya bawa, kisha ikapakwa maji yale mara kadha wa kadha, hukazika kama ngozi mbichi ya ngoma iliyowekwa juani. Matundu huzibika, umande hauingii, na umbo la bawa halibadiliki. Waingereza na Waamerika waliiita dawa hii dopu, nasi tutaiita hivyo hivyo.

Hapa hatuna budi kueleza dopu ni kitu gani, kwa maana habari yote iliyobaki yategemea jambo hili. Dopu ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ile inayobaki, nayo ni selulosi, yaani kile kitu ambacho pamba na miti imefanyizwa nacho, iliyogeuzwa kwa asidi. Sehemu ya pili ni ile inayolainisha, ili dawa isipasuke ikikauka. Kwa kazi hii wengi walitumia mafuta ya mbarika, ambayo wasomaji wetu wanayajua. Sehemu ya tatu ni ile inayoondoka, yaani maji ya kuyeyushia. Haya mafundi rangi wa mijini huyaita thina. Watu wa pwani wanaokumbuka biashara ya sandarusi wataelewa upesi. Sandarusi iliyochimbwa katika nchi yetu ilipelekwa Marekani na Ulaya kufanya vanishi. Lakini sandarusi ni ngumu kama jiwe, wala haipakiki, mpaka iyeyushwe. Kile kinachoiyeyusha hakikai mezani wala kitini. Hufanya kazi yake, kikaenda zake.

Kwa kuwa thina haibaki, mtu asiyejua hudhani ya kuwa thina yo yote yafaa, achague iliyo rahisi. Lakini rahisi huvunja upishi. Thina ikikauka upesi mno huchukua joto la nguo, kama vile spiriti ipozavyo mkono. Na kama hewa ina unyevu, umande hutua juu ya dopu kabla haijakauka, nayo hugeuka nyeupe kama majivu, ikawa haina nguvu tena. Thina ikikauka polepole mno, dopu huteremka na kufanya michirizi. Dopu ikiwa nzito kwa kukosa thina, hukaa juu ya nguo kama uji juu ya jani, haiingii ndani ya nyuzi. Na siku moja upepo utaibandua. Kwa hiyo fundi hodari hupaka koti la kwanza jepesi, lenye thina nyingi, ili lizunguke kila uzi na kuushika. Hutazama pia mbingu kabla ya kufungua debe; na siku za mvua, ama huongeza thina ya kukawiza, ama huacha kazi.

Sasa tuje kwenye huzuni ya habari hii. Dopu ya kwanza, iliyofanywa kwa ile pamba ya asidi, ilikuwa na ubaya mmoja mkubwa, ya kuwa huwaka moto mara moja. Rubani aliketi katikati ya mbao na petroli na nguo iliyopakwa kitu kilicho ndugu wa baruti. Basi wenye elimu walitafuta selulosi ya namna nyingine isiyowaka upesi, wakaipata, nayo huitwa asetati. Lakini asetati ni ngumu kuyeyuka. Yataka thina yenye nguvu, na mojawapo ya zile zilizoonekana kufaa iliitwa tetrakloroetani. Thina hii ilisifiwa sana. Haikushika moto, ilikauka pole bila kugeuka nyeupe, na uso wa nguo ulikuwa laini kama kioo. Tena ilikuwa na harufu tamu kidogo, isiyochoma pua. Ni nani angeiogopa?

Hata kabla ya vita ya mwaka 1914, huko Johannisthal karibu na Berlin, mahali palipoundwa ndege, wafanyakazi wa kupaka dopu walianza kuugua. Vita ilipoanza, viwanda vya Uingereza viliongeza kazi mara nyingi. Wanawake waliingia kazini kwa maelfu, kwa kuwa wanaume walikwenda vitani, na kushona na kupaka nguo za mabawa kulihesabiwa kazi inayowafaa. Milango ya vyumba vya kupakia ilifungwa ili vumbi na ubaridi visiingie, maana dopu yataka joto. Na mvuke wa tetrakloroetani ni mzito kuliko hewa. Ulikaa chumbani kama ukungu ukaavyo bondeni, ila ukungu huu haukuonekana.

Mwishoni mwa mwaka 1914 wafanyakazi wa Hendon, karibu na London, waliugua. Kwanza walisikia usingizi na uchovu, na chakula kikawachukiza. Halafu kichefuchefu. Halafu weupe wa macho yao ukawa manjano, na ngozi vile vile. Wengine walipona walipoacha kazi. Wengine ini lao liliharibika kabisa, wakafa. Daktari William Willcox, aliyekuwa mjuzi wa sumu, aliitwa kuchunguza. Katika dopu mlikuwa na vitu kadhaa, naye hakutaka kukisia. Alichukua panya, akawaweka wengine katika mvuke wa dopu yenyewe, na wengine katika mvuke wa kila kitu kimoja kimoja kilichochanganywa ndani yake. Wale waliovuta tetrakloroetani ndio walioharibika ini, sawasawa na wale waliovuta dopu nzima. Basi mwovu alijulikana kwa jina lake.

Je, iliachwa siku ile ile? Sivyo. Jeshi lilikuwa likitaka ndege, na vitu vya kuyeyushia asetati vilikuwa haba. Daktari Thomas Legge, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa afya za wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza, pamoja na Willcox na wenzao, walishauri mapangaboi ya kuvuta mvuke nje, tena karibu na sakafu, kwa kuwa mvuke mzito hushuka. Walishauri wafanyakazi wapimwe na madaktari. Tangu tarehe 1 Januari 1916 sheria iliwalazimisha waganga na wenye viwanda kutoa habari ya kila mtu aliyepata ugonjwa wa manjano kwa sumu ya kazini. Katika mwaka huo huo wa 1916 viwanda vya ndege vya Uingereza viliacha kutumia tetrakloroetani. Lakini muda wa karibu miaka miwili ulikuwa umekwisha kupita tangu Hendon, na muda huo una makaburi yake.

Tuangalie jambo hili kwa makini, wasomaji. Waliochagua thina ile hawakuwa watu wabaya. Walikusudia kumwokoa rubani na moto. Walimfikiri yule atakayeruka, wakamsahau yule anayepaka. Rubani aliyekufa aliandikwa katika magazeti, na jina lake lilichongwa katika mawe. Mwanamke aliyepaka bawa lake, akarudi nyumbani jioni macho yake manjano, jina lake ni watu wa nyumba yake tu waliolijua. Na kosa lilitoka katika wazo moja dogo, ya kuwa thina ikiisha kukauka imekwisha. Thina haiishi. Imeondoka kwenye nguo, lakini imekwenda mahali. Na kama chumba kimefungwa, mahali pale ni kifua cha mtu.

Baada ya hayo dopu ya asetati iliyeyushwa zaidi kwa asetoni na vitu vingine visivyodhuru ini kwa namna ile. Nayo asetoni ilikuwa shida kuipata, kwa sababu ilitakiwa pia katika kufanya baruti ya mizinga. Hapo alitokea Chaim Weizmann, mwalimu wa elimu ya kemia huko Manchester, ambaye mwaka 1949 alikuwa Rais wa kwanza wa Israeli. Yeye alionyesha ya kuwa kijidudu fulani kisichoonekana kwa macho chaweza kugeuza wanga wa mahindi kuwa asetoni, kama hamira igeuzavyo unga. Na mahindi yalipokuwa adimu, mwaka 1917 watoto wa shule wa Uingereza waliambiwa kuokota matunda magumu ya mti mmoja yasiyoliwa na watu, wakayakusanya kwa magunia ili wanga wake utumike. Watoto wale hawakuambiwa ni kwa kazi gani.

Liko jambo jingine la kupaka lililojulikana katika vita ile, nalo latuhusu sisi tukaao penye jua kali. Dopu tupu ni angavu kama kioo. Mwanga wa jua hupita ndani yake, ukala nyuzi za kitani zilizo chini, hata nguo iliyo nzima machoni ikapasuka kwa kidole. Wataalamu wa Farnborough walichanganya rangi ya udongo na masizi ndani ya koti za juu, ili mwanga usipite. Ndiyo sababu ndege nyingi za Waingereza za siku zile zilikuwa na rangi ya majani makavu. Kwa nchi za joto walifanya rangi nyingine, nyekundu ya kahawia. Watu waliona rangi ile wakadhani ni ya kujificha na adui. Kazi hiyo ilikuwamo, lakini rangi ilikuwa pia mwavuli wa nguo.

Joto la nchi yetu lilikwisha kuwafundisha marubani hao mapema. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilipokuwa imejificha katika mdomo wa Rufiji, Waingereza walileta ndege mbili za kutua majini katika kisiwa cha Niororo. Jua na unyevu viliachanisha gundi na mbao zake, wala hazikuweza kupanda juu vya kutosha. Hata walipoleta ndege nyingine, na kuzirusha kutoka kisiwa cha Mafia, ndipo zilipoweza kuwaongoza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ikaharibiwa. Kilichofaa Uingereza hakikufaa Rufiji. Afanyaye chombo na afikiri mahali kitakapokaa.

Baada ya vita mafundi walizoea kuchanganya unga wa alumini katika dopu, kwa kuwa vipande vyake vidogo hulala juu ya nguo kama magamba ya samaki, na jua haliwezi kupenya. Marekani walitumia sana nguo ya pamba iliyofumwa kwa kazi hiyo tu. Ikiwa mpya, ukanda wake wenye upana wa inchi moja sharti uweze kuvutwa kwa nguvu ya ratili 80 bila kukatika. Ikishuka chini ya ratili 56, ndege haina ruhusa kuruka mpaka ivuliwe na kuvikwa upya. Ilitokea pia selulosi ya namna ya tatu, iitwayo butirati, isiyowaka upesi kama ile ya kwanza. Na mwaka 1941 Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, waligundua uzi wa poliesta, ambao hauozi kama pamba. Nguo yake haihitaji dopu ili ikazike, bali hukazwa kwa pasi ya moto. Lakini yahitaji dawa ya kuziba matundu, na mwavuli wa kuzuia jua, vile vile.

Sasa twarudi kwa wale waundao ndege nyumbani. Mwaka 1934 Mfaransa mmoja, Henri Mignet, alitoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kuunda ndege yake ndogo kwa mbao na nguo, na watu wengi wa Ulaya walijaribu. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha waundaji kama hao huko Milwaukee, Marekani, nacho kimekuwa na washiriki wengi sana. Watu hawa wamejifunza kanuni ambazo zamani zilijulikana na mafundi wa viwanda tu. Tutataja chache.

Kwanza, kila dopu ina thina yake. Thina ya butirati yaweza kuyeyusha dopu ya namna ya kwanza, ile ya pamba ya asidi; lakini thina ya dopu hiyo ya kwanza ikitiwa katika butirati huifanya igande kama maziwa yaliyoharibika. Pili, utaratibu wa koti una maana. Dopu ya kwanza hushika nguo vizuri, kwa hiyo wengi huitanguliza chini. Butirati haiwaki upesi, kwa hiyo huiweka juu. Wakigeuza mambo, ya juu haitashikamana na ya chini. Tatu, usichanganye dawa za mtengenezaji mmoja na thina ya mwingine kwa sababu ya bei. Huenda ikapendeza leo, na mwaka ujao ikabanduka kama ganda la mti. Nne, usipende mno kung'aa. Rangi ngumu ya magari juu ya nguo inayotikisika yaweza kupasuka. Tena kila koti la ziada ni uzito wa kubebwa siku zote.

Lakini kanuni ya tano ndiyo tuliyokusudia tangu mwanzo. Mtu aundaye ndege bandani kwake hana mkaguzi wa kumtembelea. Daktari Legge hapiti mlangoni pake. Thina za siku hizi si ile ya Hendon, lakini hakuna hata moja iliyo chakula. Nyingi hushika moto kwa cheche ndogo, nyingine huumiza kichwa na mishipa, na baadhi ya rangi mpya zina sumu isiyo na harufu, ambayo humdhuru mtu mapafu kabla hajaijua. Wako sasa watengenezaji wafanyao dawa za kuyeyushwa kwa maji, ili mvuke upungue. Mwenye busara hununua barakoa ifaayo kwa dawa ile kabla hajanunua dawa yenyewe, hufungua milango, na huweka watoto mbali. Akiuliza, "Thina gani itanipa uso mzuri?" huuliza pia, "Thina hii itakwenda wapi ikitoka hapa?"

Pengine msomaji atasema, "Sisi hatuundi ndege." Ni kweli. Lakini katika miji yetu wako vijana wengi wapakao magari, na viti, na milango ya chuma, katika vyumba visivyo na madirisha, kitambaa tu kimefungwa puani. Ni watoto wa vijiji vyetu. Mama zao huwaona wakirudi sikukuu wamekonda, kichwa kikiwauma, nao hudhani ni hewa ya mjini. Thina yao na thina ya Hendon si moja, lakini wazo lililo hatari ni moja, ya kuwa kile kilichokauka kimekwisha. Basi mzazi mwenye mtoto katika kazi hiyo na amwulize habari za madirisha kabla ya kumwuliza habari za mshahara.

Katika Torati Waisraeli waliagizwa ya kuwa mtu ajengapo nyumba mpya na azungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Ukingo hauongezi chumba, wala haupambi nyumba. Umewekwa kwa ajili ya mtu mwingine tu. Dirisha lililofunguliwa katika chumba cha kupakia ni ukingo wa namna hiyo. Vyaelea vimeundwa, na walioviunda wana vifua vivutavyo pumzi kama vyetu.